Mafundo ya Marehemu Msellem

Mwaka wa themanini na nane, siku ya kwanza baada ya eda, Shekha alirudi kazini bila huzuni wala furaha. Wenzake katika ofisi ile ya Malindi iliyochapa vitabu vya wasioona walimpa pole mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia kama aliyeulizwa saa. Chai aliyopewa aliisikia moto tu, sukari hakuisikia.

Shekha alikuwa haoni tangu utotoni. Yeye aliandika, na mumewe, marehemu Msellem, ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo. Sasa msimamizi, Bwana Kamande, alimwambia waziwazi:

"Bi Shekha, miezi minne mashine ya breli haijatoa ukurasa. Adhuhuri lori la Mombasa linakuja kuichukua. Ikikubali kuchapa, itabaki. Isipokubali, itakwenda, na kazi yako itakuwa imekwisha."

"Haya," akasema Shekha. Alijua alipaswa kuogopa. Hakuogopa.

Alipiga mstari mmoja, kompyuta ikamsomea Kiswahili chake kwa sauti ya padri wa Kizungu, akaamuru uchapwe. Ikalia printa ya wino pembeni, kwi kwi kwi. Akapapasa karatasi: laini kama shuka. Maandishi ya wenye macho.

Akashuka chini ya meza. Nyaya tatu ziliingia kwenye kisanduku cha kuigawia kila mashine kazi yake, wa kompyuta, wa printa na wa breli, na vichwa vyake vilifanana kama pacha. Msellem alizifunga uzi mweusi wa nyavu: huu fundo moja, huu mawili, huu matatu, vidole vya mkewe visipotee. Akazipapasa zote. Hakuna fundo.

"Garama, nyuzi ziko wapi?"

Garama, karani kutoka kijiji cha Ganda, akakohoa. "Nisamehe, Bi Shekha. Ulipokuwa edani niliona uzi mweusi na mafundo, nikajua ni kago, marehemu ameizindika mashine isiibwe. Nani angeigusa? Nikasali Baba Yetu, nikachomoa nyaya, nikazikata zile nyuzi kwa wembe, nikazichoma. Kisha nikarudisha nyaya kama nilivyodhani zilikuwa."

Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu alitazama, akaona uchawi. Siku nyingine Shekha angemtukana mpaka mtaa wa pili wasikie. Leo hata hasira haikuja.

Akaushika waya penye mashine ya breli, akaufuata sakafuni kwa mkono mpaka kisandukuni. Ulikuwa mahali pa printa. Akaubadilisha na mwenzake, akakaza skrubu kwa kucha, akaamuru tena.

Kimya. Nje honi ya lori ikalia. Shekha akakumbuka kwamba mashine ile, ikibadilishwa waya, haipokei kitu mpaka izimwe. Akaizima, akahesabu kumi, akaiwasha, akaamuru.

Ikagonga, ta-ta-ta-ta, meza nzima ikitetema. Akauvuta ukurasa, akapitisha vidole. Kila nukta ilikuwa mahali pake.

"Msellem!" akaita, akigeukia dirishani alikokuwa akikaa mumewe. "Imekubali! Njoo uishike!"

Garama akaacha kugonga muhuri. Shekha akabaki ameunyoosha ukurasa, akingoja mkono wa kuupokea. Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa eda. Kulia, alikuwa hajalia. Sasa alilia kwa sauti mbele ya watu wote, na Bwana Kamande akatoka nje kumwambia dereva arudi Mombasa mikono mitupu.