Chachu ya Bi Mbeyu

Mwaka ule wa baada ya mvua za El Niño, nyumba ya Twaiba hapo Msambweni haikubaki na kigoda kitupu. Wanawake walijazana kutwanga mchele uliorowekwa, maana kesho ilikuwa hitima ya arubaini ya mamake, Bi Mbeyu, na mkate wa kumimina ungeumuliwa kwa chachu aliyoiacha marehemu mwenyewe.

Elkanah, mpangaji wa kutoka bara aliyepika hotelini Diani, alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Wiki nzima yeye na Twaiba, aliyemwita Mama Swabir kwa jina la mwanawe, walikuwa wakibishana.

"Mama Swabir, wewe wasema ulimwengu lazima uwe na aliyeuanzisha kutoka nje. Sasa hiyo chachu. Ya leo imetoka kwa ya jana, ya jana kwa ya juzi. Si ulimwengu nao waweza kwenda hivyo tu?"

"Huyu angekuwa na mke," Dama wa jirani akasema, "asingepata nafasi ya kuuliza mambo ya chachu."

Wakacheka. Twaiba hakucheka. "Iko ya kwanza, Elkanah. Chachu haijianzi. Mama mkubwa huyu hapa. Mama, mlianzaje?"

Bi Mishi, dadake marehemu, hakuinua macho kinuni. "Kwa tembo la mnazi. Kenga mgema alituletea kibuyu. Siku zile sote tulitia, mwanangu."

Michi ikasimama. Elkanah alitaka kusema neno, akauona uso wa Twaiba, akanywa chai.

Tembo, kileo, kwenye hitima ya mamake. Na hoja yake mwenyewe ndiyo iliyomfikisha huko.

Twaiba akaimwaga chachu yote uani. Akakisugua chungu kwa jivu na maji moto mara saba, akakoroga unga na tui bila kutia kitu, akafunika. "Usipoumuka, watakula wali."

Asubuhi alipofunua, mapovu yalikuwa yamepanda hadi shingoni mwa chungu.

"Alhamdulillahi," Bi Mishi akasema. "Haya, pika."

"Umeumuliwa na nini?"

"Si umeumuka wenyewe."

Twaiba alikitazama chungu. Kama umeumuka wenyewe, basi Elkanah kasema kweli, si lazima awepo wa kuanzisha kutoka nje. Kama la, kuna kitu kilichobaki kwenye udongo wa chungu, na jina lake alilijua.

Wageni walikuwa wakipiga hodi. Elkanah, akienda kazini, alichungulia dirishani. "Vipi, Mama Swabir, uliumuka?"

"Leo twapika wali," akajibu bila kugeuka.

Lakini unga hakuumwaga. Alirudisha kifuniko, akaweka jiwe juu yake.