Kisanduku cha Hewa Juu ya Mafiga ya Raheli

…na eti aanze tangu mwanzo, kana kwamba mwanzo ni mbuzi aliyefungwa kamba mahali anamngoja, mwanzo wa nini, hawa wasomi kila wakija ni eleza bibi, simulia bibi, Raheli aliwaza huku akichambua maharage kwenye ungo, na baridi hii ya Julai imemkaa magotini kama mpangaji asiyetaka kuhama, na binti mwenyewe, Sesilia, wa watu wa kupima hewa, amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko la uani na kalamu mkononi, ana adabu lakini, shikamoo yake aliitoa mpaka magoti yakakunjika, mtu wa hivyo humfukuzi. “Bibi, nataka tu kujua, zile wiki mbili tulizozuia moshi mjini, hapa kwako palikuwaje?” Palikuwaje… palikuwa na amani, ndivyo palivyokuwa, halmashauri ilikataza kuchoma takataka, kuchoma tofali, malori mabovu kukatiza mjini, kwa muda tu, wapime waone kama hewa ya Lushoto itabadilika, maana mji wenyewe uko shimoni, moshi ukishaingia asubuhi na ukungu ukaufunika hautoki ng'o, wakatundika visanduku vyao mitaani, kimoja hapo nje kwenye ukingo wa paa lake, na Glory, mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Nathanaeli, aliyezoea kulala ameketi na miluzi kifuani… akalala chali, akalala mpaka jua likamkuta kitandani, Raheli akaenda kumtikisa akidhani amekufa, mtoto akasema bibi niache bwana. Hilo andika. Haliandiki, anataka ya kisanduku, “maana bibi, mitaa yote moshi ulipungua, hapa kwako tu ndipo ulipopanda, na hapa ndipo karibu na matanuru ya tofali, wakubwa wakasema kumbe zuio halisaidii, wakaliondoa,” ndiyo, wakaliondoa, na siku hiyohiyo tanuru la Nathanaeli likawashwa kule bondeni, magogo ya mikaratusi, moshi mzito unaopanda mpaka hapa, Glory kifua kikabana wakamkimbiza hospitali, daktari akasema huyu mahali hapa hapamfai, akapelekwa Mlalo kwa bibi mzaa mama yake, na yule bibi naye hajui kunyamaza, atamchosha mtoto kwa nyimbo za kwaya. “Tunataka kurudia zuio, bibi, safari hii refu, ila wakubwa wanataka sababu ya zile namba.” Sababu… akiipata sababu, tanuru litazimwa, Glory atarudi, na Nathanaeli atakula nini, mwana wa pekee, tofali ndizo zilizomwoza, ndizo zilizoezeka nyumba yake… na sababu Raheli anayo, kisanduku kiliingia jikoni, basi, ukungu ulikuwa mzito, Nathanaeli akaja na ngazi, “Mama, kitu cha watu hiki, kikilowa tutawaelezaje?” akakishusha, akakitundika darini juu ya mafiga, penye mahindi ya mbegu, na nani angembishia, kila chenye thamani nyumba hii kinatundikwa pale, moshi unakifukuzia unyevu na wadudu, hivyo ndivyo marehemu baba yake alivyofanya, kijana alikosea kwa kutunza, unamchongea mtu kwa kutunza? Kikakaa pale, akaja kukirudisha nje kabla wenyewe hawajafika… kabla. Nani alimwambia wanafika? Ah, uchovu huu, ukizeeka unamshuku hata paka. “Na zile siku bibi ulikuwa unapika nini hasa?” Huyu naye, anauliza kama wifi anayefunua sufuria, mzee anapika nini, ugali na mboga, moto unawashwa unazimwa… ila zile siku, zile siku alipika kande. Mkono ukatulia juu ya maharage. Kande, mahindi makavu na maharage, chungu kinakaa motoni kutwa, na Nathanaeli alisimama hapohapo alipoketi binti, anacheka mpaka jino la mwisho, “Mama, nimetamani kande zako, Yusta hajui kuzipika,” mtu ambaye tangu amwoe huyo Yusta hajatamani kwa mama yake hata maji ya kunywa, na kesho yake tena kande, na kuni kaleta mwenyewe, “Mbichi hizi, wewe!” “Zitashika tu mama, puliza,” na Raheli akapuliza, mjinga mzima mwenye mvi, akapuliza macho yakimtoka machozi, akijisifu moyoni kwamba mwanawe amemkumbuka, na kande hakuja kuzila, alizila kuku… hakukosea. Alimpulizisha mama yake moshi kwenye kisanduku. Hasira ingependeza hapa, lakini hasira inataka magoti mazima, yeye alichoka tu, akachoka mpaka kwenye kucha, na katika uchovu huo kitu kikamlegea, hicho alichokuwa amekishika kwa ajili ya mwanawe, hakukiokota. “Bibi? Nirudie swali?” Nimelisikia, mwanangu, ngoja nimeze mate… binti angali na kalamu, ungo ungali mapajani, ukungu ungali mlangoni, na Raheli atasema, atasema yote, maana amfichie nini tena Nathanaeli, kwani hajalipa? Jumapili alikwenda Mlalo amevaa shati la kanisani, harufu ya tanuru haijamtoka, na viatu vipya vya mtoto kwenye boksi, Yusta alikuwepo, ndiye aliyerudi akasimulia mpaka sauti ikamkauka, Glory alitoka ndani, akamwona, akamwamkia vizuri kabisa, shikamoo baba, kisha akamzunguka kwa mbali, akaenda kusimama upande unakotoka upepo, kiganja puani, akamwambia weka hapo chini baba, nitavichukua ukishaondoka.