Zuio la Hosiana

Ghala la kakao la Anyelwisye, pale Bondeni, lilijengwa kwa mkopo wa benki miaka mitano iliyopita. Mwaka huu benki nyingine ilikubali kuuchukua mkopo huo kwa riba nafuu. Kilichobaki, aliambiwa, ni upekuzi wa hati tu. Wiki moja baadaye Oscar, mwanasheria wa benki hiyo, akamwita ofisini.

“Kwa msajili wa hati kuna zuio juu ya kiwanja chako,” Oscar alisema. “Limewekwa miaka mitatu iliyopita na dada yako, Hosiana. Hukupata barua?”

Hakupata. Ilitumwa kwenye sanduku la posta la marehemu baba yake, ambalo hakuna aliyelifungua tangu mazishi.

“Nasikia nchi nyingine watu hukata bima ya hati. Siwezi kulipia kitu kama hicho, tukaendelea?”

“Hata ingekuwepo hapa, bima hiyo humkinga mtu na asichokijua. Hili sasa unalijua.”

Anyelwisye akapanda bodaboda hadi Njisi, anakoishi Hosiana. Alimkuta dada yake uani, akigeuza mpunga kwenye turubai.

“Ugonile, dada,” alimsalimia.

“Ndaga. Vuta kigoda ukae.”

“Umenifungia hati.”

“Nimeifungia benki, si wewe.” Hosiana aliendelea kugeuza mpunga. “Niliona nyumba ya jirani yangu Lazaro inapigwa mnada, ndugu zake wamesimama barabarani kama wapita njia. Nikajiuliza, siku ya kiwanja chetu nani ataniambia?”

“Chetu?”

“Baba alikinunua kwa mali gani, Anyelwisye?”

Alijua. Kiwanja kilinunuliwa kwa ng’ombe watano wa mahari ya Hosiana, walioswagwa kutoka Karonga, ng’ambo ya mpaka, alipoolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe alipofariki, alirudi na mabegi mawili. Kisha, miaka saba iliyopita, baba yao akafa, na Anyelwisye, msimamizi wa mirathi, akakiandikisha kiwanja kwa jina lake peke yake. Hakumficha dada yake, hakumwambia tu. Kwa miaka yote aliona hayo ni mambo mawili tofauti. Pale kwenye kigoda hakuiona tena tofauti yake.

“Unataka nini?” aliuliza, sauti imeshuka.

“Jina langu liandikwe. Biashara ya kakao ni jasho lako, siidai. Ardhi ni ya wote.”

Alirudi nyumbani akakaa siku tisa bila kumpigia mtu simu. Siku ya kumi alikwenda tena Njisi, akiwa na fomu za kuhamisha nusu ya umiliki.

“Nilipaswa kuja miaka saba iliyopita,” alisema.

“Ulipaswa,” Hosiana alijibu, akanawa mikono ili asiichafue karatasi.

Kuondoa zuio na kubadili hati kulichukua miezi minne, na benki ilipokuwa tayari tena, riba ilikuwa imepanda kidogo. Anyelwisye alikubali. Siku ya kusaini walikaa bega kwa bega mbele ya Oscar. Anyelwisye alisaini upesi. Hosiana alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mistari, kisha akainua kichwa.

“Tukishindwa kulipa, barua mnamwandikia nani?”

“Nyote wawili, mama. Kila mmoja kwa anwani yake.”

“Basi andika hapa,” alisema. “Njisi, kwa Hosiana.”