Watatu Juu ya Pikipiki Moja

Mtaa mzima ulimcheka Mwenye Bucha. Pande la mtu lile, lililozoea kumlaza fahali chini na kumbana pembe mpaka kisu kimalize kazi, liliogopa pikipiki. Na wala si kuiendesha. Aliogopa kukaa nyuma tu, tena nyuma ya mke wake mwenyewe.

Mkewe alikuwa mtaalamu wa mifugo, na wafugaji walimwita Bibi Mifugo. Kila asubuhi alifunga sanduku la chanjo kwenye pikipiki yake nyekundu, akapiga kiki na kuondoka. Mumewe alimsindikiza hadi mlangoni, akamkaza mkanda wa kofia ngumu kama anampeleka vitani, kisha akaelekea buchani kwa miguu. Sababu hakumficha. Kaka yake mkubwa alikufa na pikipiki chini ya lori, na yeye, akiwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyeitwa kuutambua mwili kwa viatu.

Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa wakati Bibi Mifugo alipoamua kumtoa hofu. Jumapili ya kwanza alimpeleka uwanja wa mpira, akamkalisha nyuma bila hata kuwasha injini. Jumapili ya pili waliuzunguka uwanja kwa gia ya kwanza, mume amefumba macho. Ya tatu wakatia gia ya pili.

"Sikiliza, mume wangu," alimwambia. "Nikikata kona, usishindane na mimi. Nikilala kushoto, na wewe lala kushoto. Ukikaa wima kama nguzo, tunakwenda chini wote wawili."

"Na nishike wapi?"

"Nishike mimi! Mimi mkeo, siyo jirani."

Akamshika. Bibi Mifugo alirudi nyumbani na alama za vidole mbavuni, akacheka peke yake alipokuwa akioga.

Jumamosi iliyofuata mume mwenyewe alisema yuko tayari kwa safari ya kweli. Ng'ambo ya vilima kulikuwa na mfugaji mwenye ng'ombe mgonjwa, na mfugaji huyohuyo alikuwa anauza fahali. Wakaondoka baada ya chakula cha mchana. Nusu saa ya kwanza mume alimbana kiuno kwa nguvu zote. Kisha mkewe akasikia mikono inalegea kiunoni, na sauti nzito ikimwambia sikioni, "Kumbe upepo wake mtamu."

Alikuwa bado anatabasamu alipoona gogo limelazwa barabarani, baada ya kona, katikati ya mashamba ya mahindi.

Alikanyaga breki. Pikipiki haijasimama sawasawa, mtu akachomoka kwenye mahindi na nondo, akampiga nayo begani. Alisikia mfupa ukilia. Pikipiki ikaanguka upande, bomba la moshi likamlalia mguu na kumchoma, akapiga yowe ambalo hakulitambua kuwa ni lake. Wa pili, mwenye panga, aliunyakua usukani na kuivuta pikipiki. Yule wa nondo akainua tena mkono, safari hii akilenga uso.

Nondo haikushuka. Mwenye Bucha alikuwa ametupwa mtaroni, na sasa alikuwa ametoka. Aliushika mkono ule juu ya kiwiko, akauzungusha mara moja, kama anavyozungusha shingo ya ng'ombe asiyetaka kulala. Mfupa ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu. Mwenye panga alipoona hivyo, aliiachia pikipiki, akatimua mbio mahindini asionekane tena.

Mwizi aliyebaki alianguka akiomba. Mwenye Bucha akavua kofia yake ngumu, akaishika kwa mkanda, na kuanza kumpiga nayo. Alimpiga kinywani, meno yakamwagika kama punje. Alimpiga machoni. Alimpiga mbavuni kwa utaratibu, bila kelele, bila tusi, kama mtu aliye kazini. Bibi Mifugo alijikokota kutoka chini ya pikipiki, akamwita. Hakusikia. Ikabidi amrukie mgongoni na kumvuta shingo kwa mkono mmoja uliokuwa mzima.

"Basi! Umeshamuua! Basi!"

Akasimama. Kofia ilikuwa inadondosha damu.

Yowe lilikuwa limefika mashambani. Watu walikuja mbio na majembe na marungu, kumi, kisha thelathini. "Mwizi! Mwizi wa pikipiki!" Jiwe la kwanza lilimpiga yule mtu tumboni, naye akajikunja kama jongoo. Mtu akapaza sauti, "Fungueni tangi! Mafuta si haya hapa!" Vijana wawili wakaisimamisha pikipiki na kuanza kuhangaika na kifuniko.

Bibi Mifugo aliwasukuma, akakaa juu ya tangi. "Pikipiki ni yangu. Mafuta ni yangu. Aliyepigwa nondo ni mimi. Hakuna atakayechomwa kwa mafuta yangu."

Akajitokeza mama mmoja mwenye jembe, kanga imemlegea, macho makavu.

"Mwanangu alikuwa na pikipiki kama hii," akasema. "Mwezi uliopita. Walimpasua kichwa hapohapo uliposimama, nikamzika bila kumfunua uso. Toka, mwanangu. Usinilazimishe nikupige na wewe."

Bibi Mifugo alimgeukia mumewe.

"Mpandishe."

"Mwache afe," alisema Mwenye Bucha. Sauti ilikuwa ileile ya upole anayowauzia wateja maini.

"Wewe unachinja ng'ombe. Sikuolewa na mchinja watu. Mpandishe, nakuomba."

Akamtazama mkewe, akautazama mkono wake unaoning'inia. Kisha akainama, akamwokota yule mtu kama gunia na kumtupia kwenye kiti, naye akapanda nyuma yake. Bibi Mifugo aliwasha kwa mguu ulioungua. Jembe la yule mama lilishuka, likakosa kichwa cha mwizi, likamchana Mwenye Bucha paja. Pikipiki ikaruka mbele, ikapenya pembeni ya gogo, mawe yakiwafuata. Alisikia yakigonga mgongo wa mumewe, moja baada ya jingine, na kila pigo likimfikia yeye kupitia kifua cha mtu wa katikati.

Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, klachi aliibana kwa vidole viwili. Kona ya kwanza ya mteremko mwizi alijikaza wima kwa woga, pikipiki ikayumba kuelekea korongoni. Hapo alimsikia mumewe akinguruma nyuma:

"Usishindane naye! Akilala, lala! Unataka kutuua?"

Wakalala wote watatu kushoto. Wakalala kulia. Damu ya yule mtu ilimtiririkia shingoni na kuingia ndani ya blauzi, ya moto.

Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Mganga alihesabu mbavu nne, taya, mkono, na jicho moja ambalo alisema halitaona tena. Bega la Bibi Mifugo lilifungwa, paja la mumewe likashonwa. Polisi walipofika, Mwenye Bucha alisimulia yote, hata idadi ya mapigo aliyoikumbuka. Waliandika, wakamwambia aende nyumbani.

Hakutaka kupanda. Alitembea, akichechemea, na mkewe akaiendesha pikipiki polepole kando yake kwa gia ya kwanza, jua likiwachoma visogo. Walikwenda hivyo muda mrefu.

"Nataka kukwambia kitu," mume alisema hatimaye. "Nilipokuwa nampiga sikuwa na hasira. Hasira iliisha pigo la pili. Nilikuwa naona raha."

Bibi Mifugo alizima injini. Alimtazama mtu aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja mwaka mzima, akaona damu imeganda chini ya kucha zake. Alimwogopa. Alimwogopa kweli.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Usinifiche kitu kama hicho hata siku moja."

"Utaniacha?"

"Sijui. Leo sijui. Panda, mguu wako unavuja."

Akapanda. Hakumshika kiuno, alishika chuma cha nyuma ya kiti, na mkewe hakumwambia ashike pengine.

Mwizi alipona, akafungwa miaka kumi na miwili. Yule mama wa jembe alikuja mahakamani siku zote, akakaa kiti cha mbele, na hakujibu salamu yao hata mara moja. Mwenye Bucha anapanda pikipiki siku hizi bila kufumba macho. Machinjioni alikoma kwenda, amemwajiri mtu, yeye anauza tu. Ilichukua miezi saba, barabara ya sokoni, mkewe akikwepa shimo, ndipo mikono ile ikamrudia kiunoni, naye akaiacha ikae.