Doti Moja

Yuliana aliwaambia mapema, wakiwa bado nyumbani Kimara, kwamba kupanda vilima vya Pugu kwenye jua la utosi, tena Februari hii, ni kujitafutia maradhi. Edita, shoga yake tangu shule, akacheka.

"Kama hutaki, baki, Yuli. Mie na Maliha tunaenda."

Mie na Maliha! Juzi tu huyo Maliha kaanza kazi ofisini kwa Edita, na tayari hakuna stori isiyokuwa na jina lake. Yuliana akajifunga kanga kiunoni, akawafuata, roho ikimchoma kuliko hilo jua. Kanga ile ilikuwa doti moja na ya Edita: waliinunua pamoja, wakaikata, kila mmoja akachukua kipande chake ili wawe sare.

Kabla hawajafika kileleni, Maliha akalegea, akakaa chini, midomo imemkauka. Edita akapiga magoti, akailowesha kanga yake kwa maji ya kunywa, akamfunika nayo kichwani na kumpepea kama mtoto mchanga.

"Si nilisema mie?" Yuliana akafoka.

Edita akazidi kumpepea Maliha. Yuliana akatamani angeanguka yeye.

"Yuli, lete na yako tumtandikie," Edita akasema bila hata kugeuka.

Yuliana akaifungua kanga kiunoni, akaitoa. Vile vipande viwili vikakutana kwa mara ya kwanza tangu vikatwe, na katikati yake kalala Maliha.