Nafasi ya Mgeni Mmoja

Lifti ilikuwa imekufa tena. Peguy alipanda ngazi na ndoo ya pili ya maji mpaka orofa ya sita, na Constance, mkewe, akamfungulia mlango kabla hajabisha. Usiku kucha Peguy alikuwa amelinda geti la yadi ya malori karibu na bandari. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia.

"Baba Gracieuse, ule mkono wa kurusha mpira leo, njo huo unabebea maji?"

"Ingine iko wapi?"

"Ya kushoto iko. Mungu alikupa mbili."

Peguy alijinyoosha kitandani, lakini usingizi haukuja. Redio ya jirani ilikuwa inahubiri, jua la Durban lilikuwa limekwisha kuupasha ukuta joto, na leo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu.

Kule Bukavu hakuna aliyecheza besiboli. Mchezo huo Peguy aliukuta hapa, mwaka ule ambao Bwana Pillay, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Overport, alipita Albert Park akitafuta vijana wa klabu yake ya daraja la pili. Vijana wa Kizulu walikuja, Wakongo wakaja, na Eddy Mrundi akaja. Kazini Peguy alikuwa "sikyuriti" tu, hata kwa madereva aliowafungulia kila siku. Uwanjani alikuwa Peguy, kepteni, mrushaji. Msimu wote walikuwa wakiokota vigae vya chupa kwenye nyasi kabla ya kucheza, maana wiki nzima uwanja uliegeshwa magari. Wakishinda leo, wangepanda daraja la kwanza, kwenye viwanja vyenye taa na basi la kuwachukua.

Bwana Pillay alikuwa anamsubiri mlangoni mwa uwanja. Alimshika kiwiko akamvuta pembeni.

"Eish, Peguy. Watu wa ligi waliniambia jana. Daraja la kwanza, kila timu mgeni mmoja tu."

"Sisi tuko wanne."

"Najua."

"Mimi niko hapa miaka kumi na tatu. Mtoto wangu amezaliwa hapa."

"Nimewaambia yote hayo. Wanasema sheria ni sheria." Bwana Pillay alitazama viatu vyake. "Tukishinda, nataka abaki wewe."

Peguy alikwenda kuvaa jezi yake, yenye jina lake mgongoni. Habari hiyo alimwambia Eddy peke yake, kwa kuwa Eddy ndiye mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea kila mpira anaourusha yeye, na watu wawili wa namna hiyo hawafichani kitu.

Jua lilikuwa kali, na jasho lilimwingia Peguy machoni. Mpaka zamu ya mwisho walikuwa mbele kwa pointi moja. Wapinzani walibakiwa na mpigaji mmoja, jitu la mabega mapana. Akiukosa mpira mara tatu, mechi imekwisha. Akiupiga mbali, wenzake wawili waliokuwa wakingoja kwenye beisi, vituo vya kukimbilia, wangekimbia hadi beisi ya nyumbani kupata pointi, na ushindi ungekuwa wao. Alikuwa ameukosa mara mbili.

Eddy aliomba refa asimamishe kidogo, akamwendea Peguy katikati ya uwanja, glavu ikiwa imeziba mdomo ili maneno yake yasisomwe.

"Mpe mpira laini. Aupige."

"Unasema nini, Eddy?"

"Tukibaki chini, tunabaki pamoja. Nani atajua?"

Peguy alitazama huku na huku. Gustave, Mkongo mwenzake, alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. Prodige, mdogo kuliko wageni wote wanne na mwenye mbio kuliko wote, alikuwa anachezesha miguu kama farasi. Kule mbali upande wa kushoto alisimama Sbu, kijana wa Umlazi, ambaye mama yake alikuwa ameketi ukingoni chini ya mwavuli. Mama huyo hakuwa amewahi kuja kabla ya leo.

"Na Sbu tumwambie nini?" Peguy aliuliza.

Eddy aligeuka akarudi kuchuchumaa.

Peguy alirusha kwa nguvu zote zilizobaki mwilini. Jitu lilizungusha gongo likapiga hewa, na mpira ukalia ndani ya glavu ya Eddy. Wenzao wakamvamia wakambeba juujuu. Mama Sbu alipiga vigelegele. Peguy akiwa kule juu mabegani alimwona afisa wa ligi kwenye kivuli cha hema, anakula sambusa.

Walipotulia, Bwana Pillay alimjia. "Afisa anataka jina la mgeni wetu kabla hajaondoka. Nimwambie ni wewe?"

Prodige alikuwa karibu, akasikia. Aligeuza uso haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu. Peguy alimwona akiifunga na kuifungua kamba ileile.

"Mwambie ni Prodige," alisema.

"Ya Peguy, kaka yangu, hapana," Prodige alisema bila kuinua kichwa. "Mi siwezi kubaki peke yangu."

"Baki, mdogo wangu. Hakuna mwenye atakukasirikia." Kisha akamgeukia Bwana Pillay, akarudi kwenye Kiingereza. "Lakini usiniulize tena kitu kama hiki. Aliyetunga sheria ndiye aje kutuchagua, huku anatutazama machoni."

Bwana Pillay alitikisa kichwa polepole kuafiki. Alichukua mfuko mkubwa wa turubai, akasimama nao penye njia ya kutokea, kama ilivyo desturi ya kufunga msimu, kwa kuwa jezi ni mali ya klabu. Sbu alivua yake akaitumbukiza. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakicheka.

Peguy alifika mbele ya mfuko. Eddy alikuwa nyuma yake, na Gustave nyuma ya Eddy. Peguy hakuvua jezi. Alipita, nao wakapita.

Bwana Pillay alibaki ameushika mfuko wazi. Wale watatu walivuka barabara penye robot, taa za kuongozea magari, jezi zimewaganda mgongoni kwa jasho, majina yao yakisomeka kwa yeyote aliyetaka kusoma.