Golikipa Hakufika Fainali

Tangu utotoni walimwita Dodosa, kwa sababu hakuwahi kumeza swali. Alipoingia chuo cha filamu, ukoo mzima ulisema mtoto amepata kazi yake. Lakini siku hiyo, akiwa amepiga magoti nyuma ya kamera sebuleni kwa shangazi yake, alitamani angechagua ususi.

"Shangazi, simulia kama ulivyosimulia jana jikoni."

Jana, akimenya vitunguu, shangazi alieleza habari za timu yao mpaka akarusha teke, kandambili ikatua ndani ya karai la vyombo. Leo, taa nyekundu ilipowaka, alikaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Timu ya wanawake ya kiwanda cha nguo iliundwa kwa lengo la kuimarisha afya za wafanyakazi."

Masikio, mwanafunzi mwenzake aliyeshika maikrofoni, aliinamisha uso kuficha kicheko.

"Siyo hivyo, shangazi! Jana ulisema mliwapiga wanaume chenga mpaka wakaomba maji."

"Hayo ni ya jikoni. Haya watayaona watu."

Shangazi ndiye aliyekuwa kapteni. Wasichana wa mashine za kufuma walicheza kwa miguu mitupu, wakashinda, wakafika fainali. Siku ya fainali golikipa hakutokea. Kapteni akaingia golini mwenyewe, akadaka mpaka vidole vikateguka, na bado mabao yakaingia kama nyumbu wanaovuka mto. Kiwanda kikaona aibu, kikaivunja timu. Tangu hapo kapteni na golikipa hawakusemezana, ingawa walikaa mitaa inayopakana na kununua sukari duka moja. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, huvuka barabara.

Dodosa alitafuta njia nyingine ya kuijua habari hiyo. Alishinda maktaba akipekua magazeti makuukuu, akatoka na mafua ya vumbi na habari ya mistari miwili iliyobanwa chini ya tangazo la sabuni: wanawake walicheza, wanawake walifungwa. Hata jina moja hakuna. Alikwenda na Masikio kupiga picha kwenye uwanja wa fainali ile, akakuta yadi ya magari mabovu, na mlinzi aliyewafukuza kabla hawajafungua mkoba.

Ikabaki njia moja: golikipa.

"Ukimweka yule kwenye filamu yako, mimi nitoe," alisema shangazi.

Golikipa naye alijibu kwenye simu: "Shangazi yako ameniuza mtaani miaka yote hii. Aendelee, ana soko."

Dodosa alibembeleza wiki nzima, akiwa nyasi katikati ya fahali wawili, hadi golikipa akasema haya, njooni, lakini msinichoshe.

Sebule ya golikipa ilikuwa safi, vitambaa vya kufuma kila kiti, na ukutani picha kubwa ya marehemu mumewe akiwa amevaa suti. Jokofu liliunguruma. Masikio akaomba ruhusa, akalichomoa.

"Mama, kwa nini hukufika fainali?"

"Niliumwa."

"Nini?"

"Homa."

"Homa ya namna gani?"

"Homa ni homa, mwanangu. Ina namna?"

Dodosa aliuma meno. Aligeuza swali, akalizungusha, akalileta kwa mlango wa nyuma. Jibu likawa homa. Alikuwa anakata tamaa mlango ulipogongwa. Aliingia shangazi, amevaa nguo zake za harusini.

"Nimekuja kusikia uongo kwa masikio yangu mwenyewe," alisema.

"Karibu. Ulivyochelewa, nilidhani miguu imekufa."

"Homa gani? Asubuhi ile ulionekana unaanika nguo! Sisi tunakusubiri, wewe unaanika shuka!"

Moyo wa Dodosa uliruka. Hatimaye, filamu! Akasogeza kamera usoni mwa golikipa. Mama yule alitazama picha ya ukutani, akatazama kamera.

"Zima hiyo mashine."

Dodosa akajifanya hakusikia.

"Zima, mwanangu, au tokeni wote."

Akazima. Masikio akashusha maikrofoni.

"Alinifungia," alisema golikipa. "Alisema mke wake hatarukaruka na kaptura mbele ya wanaume. Nilipoingia ndani baada ya kuanika, akafunga kwa nje, akaondoka na ufunguo. Nilikuwa nimeshavaa jezi. Nilipiga mlango mpaka viganja vikavimba. Kelele za uwanjani nilizisikia dirishani. Kila bao nililisikia."

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza shangazi, taratibu.

"Mlinizomea kabla sijasema. Halafu nikazaa. Wanangu wanampenda baba yao, na hayupo tena kujitetea. Hayo hayaingii kwenye filamu."

Shangazi akaketi karibu naye, akamshika mikono, wakalia. Kisha mmoja akamtaja beki mmoja aliyekuwa akikimbia mpira kama anakimbia nyuki, na kilio kikageuka kicheko. Dodosa alisimama na kamera baridi mikononi, viganja vikimwasha.

"Naomba turudie kidogo tu," alisema. "Hilo la mlango tuliache. Mlivyoshikana mikono tu."

Wakamhurumia, wakakubali. Taa nyekundu ikawaka. Wote wawili wakakaa wima.

"Mimi na mwenzangu tumesameheana kwa manufaa ya michezo," alisema shangazi.

"Ndivyo," alisema golikipa.

Chuoni, filamu ilipoisha, mwalimu aliwasha taa za darasa. "Picha safi. Lakini golikipa hakufika kwa nini? Homa? Mtazamaji haamini, na wewe mwenyewe huamini. Utafiti haukukamilika."

Darasa zima likamgeukia. Masikio alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake.

"Alikuwa na homa, mwalimu," alisema Dodosa.

Alipata alama za kupita, za kukwangua. Alikwenda kwa shangazi amevimba kwa hasira, akiwa na maneno ya kumwambia, akakuta mlango umefungwa. Akapiga simu. Ilipopokelewa alisikia vijiko, na vicheko vya wanawake wawili.

"Niko kwa mwenzangu," alisema shangazi. "Unataka nini?"

"Nije?"

Minong'ono, kisha shangazi akarudi hewani.

"Kesho. Leo tuna mazungumzo yetu."